Faini kwa Kiswahili, Sayansi kwa Kiingereza: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Elimu na Misitu

Kwa:
Waziri mwenye dhamana ya Elimu,
Waziri wa Maliasili na Utalii,
Taasisi ya Elimu Tanzania (TET),
Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS),
Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania (TAFORI),
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

YAH: OMBI LA MACHAPISHO YA SAYANSI YA MISITU KWA WATOTO, KWA LUGHA WANAYOIELEWA

Waheshimiwa,

Salaam. Nafundisha sayansi katika shule ya msingi wilayani Muheza, chini ya Milima ya Usambara Mashariki. Nalitanguliza ombi langu ili asiye na muda wa kusoma yote alione mapema: tafiti zilizokwisha kufanyika katika misitu yetu zisimuliwe upya kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto wa darasa la tano hadi kidato cha pili, na kila anayepewa kibali cha kufanya utafiti mpya msituni atakiwe kuacha kurasa chache za namna hiyo kabla hajafunga mizigo yake. Yanayofuata ni sababu, pamoja na mfano wa watu waliolifanya jambo hili wakiwa na vikwazo vinavyofanana sana na vyetu.

Watu hao wako Puerto Rico, kisiwa cha Karibi chenye wakazi zaidi ya milioni tatu ambao lugha yao ni Kihispania, na ambacho kiko chini ya Marekani tangu mwaka 1898. Wamarekani walipoingia waliamua shule za kisiwa zifundishe kwa Kiingereza. Sera ilibadilika mara kwa mara, leo madarasa haya Kihispania, kesho yale Kiingereza, lakini kwa karibu nusu karne mwalimu aliyezaliwa na Kihispania alisimama mbele ya watoto waliozaliwa na Kihispania akiwafundisha kwa lugha ambayo yeye mwenyewe aliibabaisha. Mwaka 1949 kamishna wa elimu, Mariano Villaronga, aliamua Kihispania kirudi kuwa lugha ya kufundishia na Kiingereza kibaki somo la lazima. Sitaki kufufua hapa mjadala wa lugha ya kufundishia sekondari. Una wenyewe, na umeshazeeka. Nataka tu mjue kwamba mtoto ninayemtolea mfano siye wa Ulaya aliyezaliwa katikati ya maktaba. Naye alitokea kwenye mkanganyiko kama huu wetu.

Kaskazini mashariki mwa kisiwa hicho kuna msitu uitwao El Yunque, wenye ukubwa wa hekta 11,000 hivi. Katika misitu yote ya taifa ya Marekani, huo ndio pekee ambao ni msitu wa mvua wa kitropiki. Ufalme wa Hispania uliutenga mwaka 1876, na Rais Theodore Roosevelt akautangaza kuwa hifadhi mwaka 1903. Mwaka 1939 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa misitu ya kitropiki pale Río Piedras, ambacho kinaendelea hadi leo. Kwa umri sisi tumewatangulia: Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti pale Amani, kwenye milima yetu hii ya Usambara, mwaka 1902, na kilima kile hakijawahi kukosa mtafiti kwa muda mrefu tangu siku hizo.

Tofauti inaonekana kwenye kilichotokea baada ya utafiti. Mwaka 1964 Elbert Little na Frank Wadsworth walitoa kitabu kikubwa kuhusu miti ya kawaida ya Puerto Rico, kwa Kiingereza. Mwaka 1967 kitabu hicho kikatoka kwa Kihispania, na José Marrero akaongezwa kuwa mwandishi wa tatu. Miaka mitatu tu. Wadsworth huyo alikuwa Mmarekani aliyekwenda kisiwani miaka ya 1940 akiwa kijana, akazeekea huko. Baadaye chama cha walimu wa sayansi cha Puerto Rico kikawa na jarida lake, Acta Científica, ambamo wanasayansi wa kituo kile cha misitu, akiwemo Ariel Lugo aliyekiongoza kwa muda mrefu, waliandika kwa ajili ya walimu. Hebu fikirini hilo: chama cha walimu kina jarida la sayansi, na mkurugenzi wa kituo cha utafiti anaandika humo.

Halafu kuna jambo lililonifanya niandike barua hii. Idara ya Misitu ya Marekani ina jarida la watoto liitwalo Natural Inquirer. Hutolewa bure, kwa karatasi na kwenye mtandao, na baadhi ya matoleo yake yametafsiriwa kwa Kihispania, kwa sababu huko Marekani watu zaidi ya milioni 40 huzungumza Kihispania majumbani mwao. Kihispania sikijui. Nimelisoma kwa Kiingereza na kulinganisha picha na michoro ya matoleo ya Kihispania. Niseme linavyokwenda, maana ustadi wake uko katika mpangilio.

Kila makala inatokana na utafiti halisi uliokwisha kuchapishwa katika majarida ya kitaalamu. Haianzi na umuhimu wa misitu. Inaanza na mtu: mwanasayansi aliyefanya kazi hiyo, picha yake akiwa na buti zenye matope, na maneno yake machache kuhusu siku aliyoifurahia zaidi kazini. Kisha linakuja swali alilokuwa nalo. Kisha alivyofanya ili kulijibu: alipima nini, kwa chombo gani, mara ngapi. Kisha alichokuta. Kisha asichokuwa na uhakika nacho. Katikati ya kurasa kuna visanduku vinavyomsimamisha mtoto: ungekuwa wewe, ungelinganisha nini na nini? Unadhani kwa nini hawakupima miti midogo? Maneno magumu yamefafanuliwa mwishoni, na baada ya hapo kuna zoezi la kufanya kwa mikono ambalo halihitaji maabara. Mtoto akimaliza anakuwa ameusindikiza utafiti kutoka swali hadi jibu. Hajakariri kitu.

Sasa naomba mje kwangu darasani. Mada ni misitu. Ubaoni tunaandika: Faida za Misitu. Moja, hutupatia mvua. Mbili, kuni. Tatu, mbao. Nne, dawa. Tano, makazi ya wanyama. Tunahamia Athari za Kukata Miti Ovyo, nazo zina namba zake. Watoto wananakili, wanakariri, wanafaulu. Mtoto akiuliza, "Mwalimu, msitu unaleta mvua vipi?" nina sentensi mbili za kumjibu. Akiuliza, "Wamejuaje?" sina hata moja, kwa kuwa hakuna karatasi niliyowahi kupewa inayoonyesha mtu yeyote akijua jambo lolote kuhusu msitu kwa kulipima. Na msitu wenyewe tunauona dirishani.

Vipeperushi tunavyo, hilo nakiri na kushukuru. Panda miti. Usichome moto. Tunza vyanzo vya maji. Kipeperushi ni amri yenye picha. Kazi yake ni kukataza, na kinakataza vizuri. Ila hakimwambii mtoto kitu ambacho babu yake hakumwambia tayari.

Nitoe mfano mmoja wa hapa hapa. Msituni Amani kuna mti mrefu, ulionyooka, unaokua upesi mno, ambao Waganda huuita musizi na wanasayansi huuita Maesopsis eminii. Asili yake siyo Usambara. Uliletwa enzi za ukoloni kutoka upande wa Ziwa Victoria, baadaye ukapandwa kwa wingi kuziba mapengo yaliyoachwa na wakataji wa mbao. Kisha ukaanza kujipanda wenyewe. Mpandaji mkuu ni ndege, hondohondo. Anakula matunda yake, anaruka na mbegu tumboni, anatua juu ya mti mwingine ndani kabisa ya msitu, anaziangusha huko. Pakitokea uwazi, mti mkubwa ukianguka mathalani, musizi unawahi kuuziba kabla miti ya asili haijajikusanya. Watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miongo kadhaa: udongo unabadilika vipi chini yake, mimea gani inarudi, ipi hairudi, na je, miti ya asili inaweza hatimaye kuota chini ya kivuli chake na kurudisha msitu wake. Wamebishana, na baadhi ya mabishano hayo hayajaisha.

Mwanafunzi wangu yeyote anamjua hondohondo. Anaujua mlio wa mabawa yake, ule unaofanana na treni ya mbali. Anaujua musizi kwa sababu nyumbani kwao wanapasua mbao zake. Anachokosa ni ile sentensi inayoviunganisha viwili hivyo, na sentensi hiyo ipo, imechapishwa, inasomwa vyuo vikuu vya nje. Mtoto aliyekulia chini ya mti huo ataisikia, akibahatika, atakapofika mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Sokoine.

Kule Puerto Rico kuna kisa pacha cha hiki, na kinachokera ni kwamba mhusika wake ametoka barani kwetu. Ni kifabakazi, ule mti wa maua mekundu-machungwa ambao watoto wa pwani huchuma vitumba vya maua yake na kuviminya ili kurushiana maji. Asili yake ni misitu ya Afrika, kuanzia magharibi hadi Uganda. Ulipelekwa Karibi kwa ajili ya urembo. Miaka ya 1940 misitu ya Puerto Rico ilikuwa imebaki chini ya sehemu moja ya kumi ya kisiwa. Kwingine kote palikuwa miwa, kahawa, tumbaku na malisho. Watu walipoacha mashamba na kukimbilia viwandani, kifabakazi kikaingia kwenye mashamba yaliyoachwa, na leo kipo miongoni mwa miti inayoongoza kwa wingi kisiwani, huku zaidi ya nusu ya kisiwa ikiwa imerudi kuwa msitu. Wengi walikilaani kuwa mvamizi. Lugo na wenzake wakapima, wakaona kwamba chini ya kivuli chake miti ya asili ilikuwa inaota tena kwenye ardhi iliyochoka kwa kulimwa. Wakasema huu ni msitu wa aina mpya, na inafaa uchunguzwe kabla ya kulaaniwa. Si kila mtu alikubaliana nao. (Watoto wa huko nao hurushiana maji ya vitumba vyake. Nilifurahi kusikia.)

Fikirini somo ambalo ningelifundisha kwa kuviweka visa hivyo viwili ubavuni: mti wetu unaovamia kwao, na mti wa ng'ambo ya ziwa unaovamia kwetu. Je, kila mgeni ni adui? Inategemea nini? Ardhi ilikuwa katika hali gani kabla hajaja? Darasa la sita wanaweza kubishana juu ya hilo kipindi kizima, na wakibishana watakuwa wanafanya ikolojia hasa. Kwa Kiswahili wataweza. Kwa Kiingereza watanitazama.

Jingine la El Yunque nalipenda kwa sababu ya ujasiri wake. Kisiwa kile hupigwa na vimbunga. Hugo ilipita mwaka 1989, Georges 1998. Watafiti walitaka kujua ni kipi hasa kinachoubadilisha msitu baada ya kimbunga: ni mwanga unaoingia baada ya mwavuli wa matawi kupasuka, au ni lile rundo la matawi na majani linaloanguka chini na kuoza? Kimbunga huleta vyote viwili kwa mpigo, kwa hiyo kwa kutazama tu huwezi kuvitenganisha. Basi mwaka 2004 na 2005 wakaamua kutengeneza kimbunga chao. Wakapanda mitini na misumeno. Viwanja vingine wakakata matawi na kuyaacha chini. Vingine wakakata na kuyaondoa. Vingine hawakukata, ila wakaleta matawi ya kwingine na kuyamwaga chini. Vingine wakaviacha kama vilivyo. Halafu wakasubiri na kupima. Wakakuta kwamba mambo mengi yaliendeshwa zaidi na kufunguka kwa mwavuli, pamoja na mwanga na ukavu unaofuata, kuliko rundo la chini.

Jaribio hilo nimeshalisimulia darasani kwa kuchora miraba minne ubaoni, na sijawahi kuona watoto wakaelewa haraka namna ile maana ya kulinganisha. Hawakuhitaji hadubini. Walihitaji kisa chenye watu wanaotaka kujua jambo.

Septemba 20, 2017 kimbunga Maria kikafika na msitu ukavuliwa majani ukawa wa kahawia. Watafiti waliokuwa wakihesabu miti ile ile kwa miaka mingi walirudi kuihesabu, wakakuta kwamba miti iliyokufa ilikuwa maradufu ya ile iliyouawa na vimbunga vikubwa vya nyuma, na mashina yaliyovunjika yalikuwa mara tatu. Takwimu hizo zinawahusu watoto walioliona paa la nyumba yao likiondoka usiku ule ule. Mtoto wa namna hiyo haulizi sayansi ina faida gani.

Narudi nyumbani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilivipa vijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao, na ni jambo ambalo nchi hii imesifiwa kwalo. Kijijini kwetu kuna kamati ya maliasili. Kuna sheria ndogo. Zimeandikwa kwa Kiswahili safi: ukikutwa na chenso bila kibali, kiasi hiki, ukichoma mkaa, kiasi hiki, ukilisha mifugo ndani, kiasi hiki. Mwaka 2021 Bunge likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchi nzima, na kila Julai 7 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na hotuba. Vizuri sana. Kwa hiyo adhabu ya kukata mti mwananchi anaisoma kwa lugha yake, ila sababu zilizowafanya wataalamu waseme mti huo usikatwe zimebaki kwenye lugha ambayo hajawahi kuota nayo ndoto. Waheshimiwa, hilo ndilo ninalolalamikia, na sioni nani anaweza kulitetea.

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza ni istilahi. Tangu mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Usanisinuru, ikolojia, bayoanuwai, hewa ukaa, vyote watoto wanavitamka bila kujikwaa. Pasipokuwa na neno, Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) wapo, na wazee wa kijijini wapo, ambao wana jina la karibu kila mti ulio mlimani. Wanasayansi wenyewe hawana aibu ya kuyachukua majina hayo. Tumbili aliyetangazwa duniani mwaka 2005 kutoka Rungwe na Udzungwa, aliyekuwa hajulikani na sayansi, leo ana jina la kisayansi Rungwecebus kipunji, na hilo la pili walilikuta kwa wanakijiji.

La pili ni kwamba sekondari kunawasubiri Kiingereza, kwa nini tuwachanganye? Mwisho wa kila makala pawe na orodha ya maneno yake kwa Kiswahili na Kiingereza. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza akiwa tayari anaelewa mbegu husafirishwaje atatafuta neno la Kiingereza la kitu anachokijua. Asiyeelewa atakariri neno la kitu asichokijua, na hao ndio wengi tunaowapeleka huko kila Januari.

La tatu ni fedha. Hapa sina mengi. Utafiti umeshalipiwa, mara nyingi na wafadhili wa nje. Kinachobaki ni kazi ya mwandishi mmoja mzuri, mchoraji mmoja, mtafiti mwenyewe kukubali kuhojiwa, na walimu wawili watatu wa kuijaribu rasimu. Msipopata bajeti ya kuchapa, tupeni faili. Makundi ya WhatsApp ya walimu yatalifikisha Mbamba Bay kabla ya jioni, na shule yenye mashine ya kuchapa italichapa.

Sisemi Wamarekani wamefanya kila kitu sawasawa. Si kila toleo la jarida lile lina Kihispania. Kiingereza hutangulia, na Kihispania hufuata pale panapokuwa na nia na fedha. Ni hisani ya ofisi. Na hisani ina tabia ya kuhama pamoja na aliyeitoa: Machi 1, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kukifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kufuta agizo la mwaka 2000 lililozitaka taasisi za serikali kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri. Amri mpya haikuzikataza taasisi kuchapisha kwa lugha nyingine; imewaachia wakuu wake waamue. Yaani mtoto wa Kihispania sasa anategemea mkuu wa idara kaamkaje.

Ndiyo maana siombi mradi. Miradi tumeiona: inakuja na fulana na kofia, miaka mitatu inafunga, gari linabaki na nembo ya kitu kisichokuwepo tena. Naomba utaratibu wa kudumu uandikwe mahali ambapo mtu hawezi kuufuta kwa kusahau.

Mahali pa kwanza ni kibali. Mtafiti wa kigeni akitaka kuja kuchunguza vyura, miti au udongo wetu, hupitia COSTECH. Anajaza fomu, analipa ada, anaahidi ripoti. Ongezeni sharti moja: kabla ya kibali kufungwa, aache maelezo ya kurasa mbili hadi nne, kwa lugha nyepesi, yakijibu mambo manne: nilitaka kujua nini, nilifanyaje, nilikuta nini, na sijui nini bado. Aandike kwa Kiingereza kama hana njia nyingine, mradi mshirika wake Mtanzania, ambaye mara nyingi ndiye aliyepanda mlima, ayatoe kwa Kiswahili na jina lake liandikwe hapo kama mwandishi. Watafiti wetu wa ndani nao wasisamehewe.

Mahali pa pili ni TET. Makala hizo zikishapita kwa wahariri zipewe ithibati kama kitabu cha ziada, ili mwalimu akizitumia darasani mkaguzi asimuulize amezitoa wapi. Hili linaonekana dogo ofisini Dar es Salaam. Shuleni ndilo linaloamua kama karatasi itatoka kabatini.

TFS nawaomba mlango. Ofisi zenu ziko kwenye kila hifadhi ya mazingira asilia, maofisa wenu wanayajua maeneo ya utafiti na vibati vya namba vilivyopigiliwa kwenye miti. Siku moja kwa muhula, ofisa awachukue watoto wakaone miti iliyopimwa, nao wapime. Mzunguko wa shina hupimwa kwa kamba kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Ukigawanya kwa 3.14 unapata kipenyo. Hesabu hiyo wanaifundishwa darasa la sita wakichorewa duara ubaoni, na hakuna anayewaambia kwamba kuna watu wanaishi kwa kuifanya kila siku mlimani pale.

Kuhusu nini kiandikwe kwanza, hazina ni kubwa. Vyura wa Kihansi, katika Milima ya Udzungwa, waliotambuliwa na sayansi mwaka 1996 kwenye bonde dogo lililokuwa likinyunyiziwa na maporomoko ya maji, wadogo kiasi cha kukaa juu ya kucha ya kidole gumba, wanaozaa badala ya kutaga. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme bonde lilikauka. Yakafungwa mabomba ya kunyunyizia, vyura karibu 500 wakasafirishwa hadi bustani za wanyama Marekani, ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaingia, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa. Humo mna umeme wa taifa na mna kiumbe ambaye hakuwa na makazi mengine duniani, na sidhani kuna jibu rahisi. Kisa cha namna hiyo mpeni mtoto wa miaka kumi na mbili, muone atakachokisema. Pia kuna lile ua la Usambara ambalo ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892 na sasa linauzwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, wakati watoto wa lilikotoka hulikanyaga njiani kwenda kuteka maji. Wenzetu wa Kenya wenye Milima ya Taita, ambayo ni mnyororo mmoja na huu wetu, watazitumia makala hizo hizo bila kutafsiriwa.

Ila kama mnaniuliza mimi, toleo la kwanza liwe la musizi na hondohondo, na lijaribiwe huku. Walimu wa sayansi wa tarafa yetu tumekubaliana kwamba tukiletewa rasimu muhula wowote, tutaisoma na madarasa yetu na kuwarudishieni nakala zikiwa na alama za penseli kila mahali mtoto alipokwama. Tunaomba jibu kabla ya Bunge la bajeti, kupitia ofisi ya elimu ya wilaya au kwa njia yoyote mtakayoona inafaa.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Sayansi,
Shule ya msingi, Muheza, Tanga.

Nakala:
Idara ya Elimu Msingi, wilayani.
Kamati za maliasili za vijiji vinavyozunguka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani.
Walimu wenzangu.